Daftari la Mweka Hazina

Kikao kiliitwa saa tisa, watu wakafika saa kumi na moja,
Kiboriloni, sebuleni kwa Mama Aikande,
penye makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma
na runinga iliyozimwa sauti kwa ajili ya sala.

Mimi ni mweka hazina. Sina cheo kingine katika ukoo huu
ila kuandika nani katoa, nani kaahidi,
nani kakumbuka kwenda chooni kapu lilipomkaribia.

Ajenda ilikuwa moja: Elinaja.
Elinaja wa Ohio. Yule yule
aliyetuezekea nyumba ya bibi kwa bati la rangi,
aliyemlipia Ndewirwa ada mihula saba bila kukosa.
Tumbo lilimshika usiku, wakampasua, akapona.
Kisha ikaja bahasha.

Nilisoma ile tarakimu mara mbili.
Mara ya kwanza walidhani nasoma namba ya simu.

"Shilingi?"
Dola.
"Na kitanda amepewa aondoke nacho?"
Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.

Baba Mdogo Kileo akasimama, akafunga kifungo cha koti.
"Alikuwa na bima, hakuwa na bima?"
Alikuwa nayo, nikasema, ila bima yake
huanza kulipa ukishalipa wewe mpaka ukachoka.
Tena daktari wa usingizi, huyo mmoja tu,
hakuwamo kwenye orodha yao.
"Sasa mtu kalazwa usingizi, angemuuliza saa ngapi?"
Swali hilo nimeliandika. Jibu nimeliachia nafasi.

Nyuma ya bega lake, kwenye kioo,
bunge la huko lilikuwa limekaa:
nguzo nyeupe, tai nyekundu, tai za buluu,
na utepe wa maneno ukikimbia chini, muswada, kura, bima.
Mzee mmoja alipiga meza bila mlio.
Baba Mdogo akasema, "Kwa nini mimi nisiyeugua
nilipie ugonjwa wa mwenzangu?"
na midomo ya yule mzee ikaenda naye, neno kwa neno,
kama watu wawili walioazimana koo.
"Kila mtu abebe mzigo wake!"

"Na ile nyonga yako," akasema mkewe, Mamkwe,
bila kuinua macho kwenye bakuli la karanga,
"mwaka juzi ulipoteremka Mawenzi, ulitembea?"

Akakaa. Koti likabaki limefungwa.

Ndipo Ndewirwa, mdogo kuliko wote, akasema
hata hapa hakuna aliyekata kadi ya bima ya kaya,
tunangoja tuugue kwanza.
Mtu akakohoa. Mtu akauliza kama chai iko tayari.
Mimi pia sijakata.
Hilo sikulitia kwenye muhtasari.

Kapu likapita.
Mama Aikande: mbuzi, yule mwenye pembe moja.
Shangazi Ndeshi: mikungu minne, ikishaiva.
Kileo: elfu hamsini, na jina lake nisiliandike.
Nimeliandika.
Lilipofika mwisho Mamkwe akalisukuma lirudi,
likapita tena, polepole, na safari hii
hakuna aliyekwenda chooni.

Nikapiga hesabu, nikageuza kuwa dola:
mia mbili na kumi na nne.
Katika ile bahasha, ukurasa wa tatu,
pamba na bandeji peke yake ni zaidi ya hapo.

"Itatosha?" akauliza Mama Aikande.
Nikamwambia, "Itafika."

Kwenye kioo walikuwa wanakusanya makaratasi.
Kura imeahirishwa, ulisema utepe.

Jumatatu nikashuka mjini, dirisha la fedha za nje.
Kijana hakunitazama. "Unapokea kutoka nchi gani?"
Sipokei, nikasema. Natuma.
"Unapokea," akasema, akinisukumia fomu ile ile ya siku zote.
Natuma, mwanangu. Ohio.
Akaigeuza fomu, akautazama upande wake wa pili,
akainuka kwenda kumwita bosi wake.