Ishirini na Sita

Kaunta buku la kwaya mbili, kurasa zimelainika kwa vidole vya rangi.
Juu nimeandika: Muuza Kahawa, nakala ishirini na tano.
Chini yake mistari miwili, kama mtu anayejiapiza.

Silikoni kilo moja, laki na ishirini.
Rezini, elfu tisini, na nusu kopo iliganda
kabla sijaifikia; joto la Keko halingoji mtu.
Rangi, na brashi ya nywele tatu: sitini.
Maboksi: yule wa Kariakoo hachapi chini ya mia mbili.
Nilipomwambia nataka ishirini na tano alicheka mpaka akakaa.
Basi laki na sitini, na maboksi mia moja sabini na tano
yamelala uvunguni yakisubiri watu ambao hawatazaliwa.
Luku, ishirini.
Kodi ya chumba, laki.

Mmoja nauza elfu thelathini.
Jumlisha, toa, futa, rudia:
inabaki laki mbili kwa siku ishirini za kuinama.
Wabeba zege wa jengo la jirani wananizidi,
tena migongo yao inauma kwa faida.

Mama alikuja kutoka Mbagala na maandazi kwenye kitambaa.
Akamgeuza mtu wangu kiganjani, kimo cha kidole gumba,
dele lake, vikombe vyake, kanzu imepeperuka upande mmoja.
"Kafanana na marehemu Kitwana," akasema. "Kalibu yake bado nzima?"
Nzima.
"Na utaivunja?"
Nimewaahidi wateja, mama.
Akanyamaza, kama anayepima unga kwa jicho.
"Mimi nikipata sufuria isiyounguza, siitoboi
ili wali wa jana upande bei."

Nilitaka kumweleza kwamba simuuzi huyu,
nauza wale ambao hawatakuwepo.
Kichwani ilikuwa sentensi nzuri.
Nikala andazi.

Daktari wa meno wa Upanga, Bwana Shiraz,
ana kabati la kioo lenye taa ndani.
Alinunua namba tatu, boksi hakulifungua.
Mwezi wa pili akaiuza laki nne kwa mtu wa Nairobi,
akanipigia simu kunipa hongera:
"Zamoyoni, thamani yako imepanda!"
Nilikuwa foleni ya maji, na ndoo mbili.
Imepanda, ndiyo.
Imepanda ndege.

Wenye mapovu usoni, waliokatika mkono, nawapeleka uani.
Chausiku wa chumba cha tatu anao watano.
Kilema wao ndiye anayefanya biashara kuliko wote:
anakopesha hata paka.

Jumatano mwenye nyumba akaongeza elfu thelathini.
Usiku ule kalibu ilikuwa mezani, na kisu kando yake.
(Watu husema kuvunja. Silikoni haivunjiki,
hukatwa, inavuta kama pweza.)
Kopo lilikuwa na kiasi cha mtu mmoja.
Nikakoroga. Sikuwasha redio.
Nikamimina.

Alitoka safi kuliko wenzake wote,
hata chini ya kidevu, pale panapoponza, hakuna povu.
Labda ni rezini ya mwisho. Labda mkono ulishaacha kuogopa.
Nikamlaza kifudifudi, nikachukua kalamu ya kuandikia nyayo.
Namba gani?
Wino ulikuwa tayari na jibu: tatu.
Nairobi ni mbali, nani atawakutanisha?

Kalibu nimeikata vipande saba.
Kodi nimekopa kwa fundi sofa, nitamlipa kwa kumpigia rangi.
Naye yupo dirishani, mweupe, nyayo tupu.
Chausiku kamwomba mara mbili, na mara mbili nimesema kesho.

Mwisho wa mwezi nafunga daftari.
Kila kitu kinakaa mahali pake, shilingi na shilingi,
ila yeye, hayumo kwenye mauzo, hayumo kwenye hasara,
ameinua dele, ameinama kidogo,
kama anayeuliza: nikumiminie?