Kisanduku cha Maoni

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Basi changu ni kibaya,
maana Jumamosi nzima nimekitembeza
kutoka Umoja hadi Kayole,
ghorofa kwa ghorofa, simu mkononi,
kama muuza mayai ya kuchemsha
aliyesahau kachumbari.

Miezi saba nimeishona programu hii usiku,
baada ya kazi ya bima kule Upper Hill,
stima ikipotea namalizia kwa betri.
Kazi yake ni moja: kuhesabu maji ya ploti,
kumtumia kila mpangaji bili yake.
Nikaiita Tone,
nikakaa kitako kungoja mvua.

Wa kwanza kujisajili nilikuwa mimi.
Wa pili, mimi tena, kwa laini ya pili.
Wa tatu dada yangu Kwamboka, asiye na mita,
achotaye kisimani huko Keroka.
Aliandika: "Nimeingia. Sasa nifanye nini?"
Wa nne Oyugi, tuliyesoma naye.
Akasema ni moto wa kuotea mbali,
akatoka, hajarudi.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
langu limesifiwa
na hakuna aliyelionja.

Kwenye geti la kwanza mlinzi aliniuliza nauza nini.
Siuzi, nikamwambia, ni bure.
Akafunga geti.
Katika mji huu cha bure ndicho kinachotisha.

Ploti ya tano nilimkuta Mulwa, msimamizi,
amepiga magoti mbele ya mita ishirini na sita,
tochi mdomoni, kalamu sikioni,
daftari amelivika mfuko wa unga
na bado wino umelowa, nane na sita hazitambulikani.
Nikaanza hotuba niliyoizoea mbele ya kioo.
Akatoa tochi mdomoni.
"Shika hii. Mulika pale."
Nikamulika, mita zote,
hotuba imeniganda kooni.
Mwishowe akauliza jambo moja tu:
"Mtandao ukipotea, namba zangu zinaenda wapi?"

Miezi saba sikuwa nimejiuliza hilo.
Nilirudi nyumbani, nikalijibu kwa siku tisa.

Sasa ni saa saba usiku. Nachungulia:
mtu mmoja, mita ishirini na sita,
na kile kisanduku cha maoni
nilichokiweka kwa ajili ya mita mbovu
Mulwa amekijaza hivi:

*Na. 4. Mama yake amekuja kutoka hospitali. Bili itapanda.*
*Na. 11. Hana kazi tangu Machi. Nimesoma, lakini usimtumie kwanza.*
*Na. 19. Mtoto amezaliwa! Ni nepi tu.*
*Na. 23. Alihama usiku. Mita imesimama. Simlaumu.*

Nilikuwa nimeiamuru Tone:
tarehe mosi, saa mbili asubuhi, bili zote ziende.
Namtazama Na. 11.
Tone haisomi Kiswahili cha Mulwa,
inasoma lita.
Naongeza kitufe kidogo kando ya kila jina:
*Subiri.*

Nje mabomba yanakohoa, ni zamu yetu ya maji;
mtu wa ghorofa ya juu anaburuta ndoo.
Kesho nitampigia Mulwa, nimwombe
anipeleke kwa msimamizi mwingine, hata mmoja.
Najua atakachouliza kwanza:
nani atashika tochi.