Sekunde Thelathini na Nane

Nyumba yetu ina ghorofa mbili na saa mbili.

Juu anakaa Zvonka, mama mkwe,
na runinga yake yenye kisogo, na king'amuzi cha bei rahisi,
na antena aliyoifunga mumewe kwa waya wa kiwandani
alipokuwa bado fundi wa tanuru la chuma, hapa Jesenice.
Theluji ikilala juu yake inainama,
theluji ikiyeyuka inanyooka,
imeuelekea mnara wa mlimani kama alizeti.

Chini tunakaa mimi na Jernej
na kioo cha inchi sitini na tano ambacho deni lake halijaisha.
Mafundi wa mkongo walikuja Oktoba,
wakachimba bustani, wakakata mzizi wa mcheri, wakaomba radhi,
wakatuachia uzi mwembamba kama unywele
na megabiti mia tano kila sekunde.
Pikseli milioni nane! Jernej huzitaja
kama baba yake alivyotaja mizinga yake ya nyuki.
"Unauona mshono wa glavu? Unauona?"
Nauona. Naona na chunusi za mtangazaji.

Juu, picha ni uji. Warukaji wote wana uso mmoja.
Lakini Zvonka ndiye anayeshangilia kwanza.
Akishamaliza, akishateleka birika la chai,
ndipo kwetu mrukaji yuleyule anaketi kwenye ubao.
Jernej hugonga dari kwa mpini wa ufagio:
"Mama, kimya! Unatuharibia!"
Naye hujibu kupitia mbao: "Aliyechelewa ni nani?"
Mwenye macho haambiwi tazama.
Sisi tuna macho, na bado tunaambiwa.

Jumapili ile ya Januari aliyeruka alikuwa Lovro wetu,
miaka kumi na saba, namba arobaini na moja kifuani,
mara yake ya kwanza kwenye kilima kikubwa.
Sikuweza kukaa. Nilisimama kwenye ngazi, kidato cha saba,
sikio juu, jicho chini.

Chini: Lovro anasogea, anaketi kwenye ubao.
Naiona pumzi yake. Naliona kovu la kidevu
alilolipata jikoni kwangu akiwa na miaka minne.
Anarekebisha miwani. Kocha hajashusha bendera.

Juu: Zvonka akapiga yowe.

Nalijua yowe lile.
Alilipiga siku walipomletea helmeti ya mumewe, tupu.

Nikatazama chini. Mwanangu alikuwa mzima.
Alikuwa mzima kwa pikseli milioni nane,
theluji ikimtua begani, chembe moja moja,
na baba yake anatabasamu, chipsi mkononi,
hajui dari inajua nini.

Nikakiomba kile kiduara tunachokilaani kila usiku:
njoo, zunguka, mgandishe hapo hapo, usimwachie.
Mkongo haukuganda.
Tuliulipia usigande.

Bendera ikashuka. Lovro akauachia ubao,
akateremka njia ya barafu, akakunja magoti, akaruka,
na akiwa bado hewani, skii zimeachana kama vidole viwili,
kule juu fimbo ikagonga sakafu.
Mara moja. Mbili. Tatu.
Ndivyo Zvonka anavyotuitia supu.
Kisha sauti yake, imekauka: "Amesimama! Anatembea!"

Jernej akageuka kwa hasira:
"Amesimama nani? Huyu yuko angani!"

Nikashuka vidato saba, nikaushika mkono wake
wenye chumvi ya chipsi.
"Ataanguka," nikamwambia. "Kisha atainuka. Tazama."

Hakuniuliza nimejuaje.
Tukatazama, na kioo hakikutuficha kitu:
skii ya kushoto ilivyotikisika,
bega lilivyofika chini kabla ya mguu,
theluji ilivyopasuka, kila punje na kivuli chake.
Tayari nilikuwa na habari njema mfukoni,
na bado nilipiga yowe.