Matone Arubaini na Mawili

Lita moja ya maji ya chumvi
(ya hospitali, si haya ya kisima chetu cha Magongo)
iingie mshipani kwa muda wa saa nane.
Mpira hutoa matone ishirini kwa mililita.
Matone mangapi kwa dakika?

Hapo ndipo nilipoanguka mwaka jana.
Moyo niliujibu. Kifafa cha mimba nilikijibu.
Nikaja kuangushwa na hesabu ya darasa la saba.

Vitini vyote nikampa mama afungie viazi karai.
Havina kazi, nikamwambia, nami nikaenda
kuuza dawa ya kikohozi duka moja la Mikindani,
koti jeupe la kuazima, beji haina jina.
Magongo nzima ikala ukwaju juu ya kurasa zangu.
Hata Kitsao, dereva wa lori la makontena,
alirudi jioni na ukurasa wa figo, umelowa mafuta:
"Umazi, hapa mwasema mkojo upimwe kila saa.
Sisi foleni ya bandari siku mbili. Twapimwa na nani?"
Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu matokeo.
Nikamwomba ile karatasi.

Ndivyo nilivyorudi kusoma: kwa ukurasa mmoja
unaonuka bizari.

Zuhra, aliyepita mara ya kwanza,
akinitumia maswali kwa sauti kutoka wodi ya Malindi,
usiku wa manane, nyuma yake kitoto chalia:
Dalili nne za upungufu wa maji! Haya, upesi!
Macho kubonyea. Ngozi ukiifinya hairudi. Mkojo haba.
Ya nne ikanipotea,
nami nimekaa gizani, stima imekatika, joto la Februari,
ulimi umenata kama gundi kwa kiu.

Pipa letu lina koki mbovu.
Usiku huo nikategesha bilauri chini yake,
nikawasha saa ya simu, nikahesabu.
Thelathini na saba. Nikaikaza: kumi na tisa.
Nikailegeza kwa ncha ya kidole, taratibu,
kama mtu afunguaye jicho la mtoto mwenye tongotongo:
arubaini, arubaini na tatu, arubaini na...
"Wamwaga maji! Mtungi mmoja shilingi ngapi, wajua?"
"Nnasoma, mama."
"Husomi. Wamwaga."

Siku mbili, karatasi nne, ukumbi mmoja kule Tudor.
Mbele yangu msichana akivuta uradi kimyakimya,
msimamizi akitembea na funguo zake, cha, cha, cha.
Swali la matone halikuja.
Nililingoja hadi ukurasa wa mwisho, kama mgeni
uliyempikia, naye asitokee.
Waliuliza jingine: mama amefiwa na mtoto alfajiri,
zamu yako inaisha. Utafanya nini?
Niliandika mengi, kwa mpangilio, kama tulivyofunzwa.
Lakini la kwanza niliandika: Nitaketi.
Mtu hupewa alama ngapi kwa kuketi, sijui.

Ujumbe uliingia nikimenya viazi.
Nikausoma mara tatu, simu ikashika wanga.
"Nimepita, mama."
"Umekuwa wa ngapi?"
"Hakuna wa ngapi. Ni kupita ama kutopita."
Akafikiri, mwiko umesimama juu ya karai.
"Kama feri," akasema. "Ama umo, ama wabaki huku."
Kisha akainama chini ya meza, akatoa vitini
vilivyosalia, robo ya rundo, akavipangusa kwa leso.
"Hivi sitafungia tena."
Wateja wakala viazi mkononi siku ile, wakaungua.

Zamu yangu ya kwanza ya usiku, wodi ya wanawake.
Mashine ya kuhesabia imeharibika, bila shaka.
Nikasimama chini ya chupa, saa mkononi, gurudumu dogo
chini ya kidole gumba. Thelathini na nane. Arubaini.
Nikalegeza, unywele tu.
Bibi wa kitanda cha sita akafumbua jicho moja:
"Mwanangu, wahesabu nini saa hizi?"
"Pesa za maji, bibi," nikamwambia. "Lala."