Muulize Hivi

Mimi ni mwaga chumvi. Theluji ikishuka Hamilton
naendesha lori la manispaa usiku kucha
ili wenye haraka zao wafike wazima.
Leseni yangu niliipata kwa wiki sita.
Mke wangu Mervat yumo mwaka wa sita
anatafuta ruhusa ya kuhesabu vidonge.

Kule Damanhur alikuwa na duka, mlango wa kijani.
Waligonga hata usiku wa manane:
mtoto ana homa, babu kameza sijui nini.
Alishuka na kandambili zisizofanana,
akasikiliza kwanza, ndipo akanyoosha mkono rafuni.
Miaka kumi na minne.

Hapa waliomba bahasha.
Itoke chuoni moja kwa moja, isipitie mkono wa mtu,
mhuri juu ya kifuniko, usivunjike.
Shemeji Wagdi alipanga foleni siku nne
mbele ya karani anayeumwa jino.
Bahasha ikafika. Ikarudishwa.
Pasipoti yasema Mervat, cheti chasema Mirfat.
Herufi mbili, miezi kumi na mmoja,
na kiapo kwa wakili kwamba yeye ndiye yeye.

Jioni namshikia kadi. Mimi niliyeishia darasa la tisa
nasoma majina ya dawa kwa kidole, kama mtoto,
naye anacheka matamshi yangu, anajibu
huku anakata bamia.
Sasa najua dawa ipi haitaki balungi,
ipi haitaki maziwa, ipi haitaki jua.

Mtihani wa vitabu alipita.
Wa pili ni vyumba, kila chumba dakika saba,
ndani yake mwigizaji anayelipwa kuumwa.
Kengele, ingia. Kengele, toka.
Alijua tatizo kabla hajaketi,
akataja dawa, dozi, siku, onyo.
Zikabaki dakika tatu. Wakatazamana.
Barua ilisema: ujuzi, sawa; mazungumzo, hapana.
Hakumuuliza mgonjwa anajisikiaje kuhusu jambo hilo.
"Analipwa kwa saa," Mervat akasema, "angejisikiaje?"
Kisha akaingia bafuni, bomba likamwagika muda mrefu.

Sisemi wana roho mbaya.
Dawa ni sumu yenye adabu, nami sitaki
aliyenunua cheti sokoni ampimie mwanangu dozi.
Mlinda mlango ana haki ya kuuliza, nani wewe?
Ila mlango huu una mlango tumboni,
na jibu la komeo la kwanza linachacha
kabla hujalifikia la tatu.

Jumanne Bi Dragica wa ghorofa ya chini
alipanda na mfuko wa karatasi.
Moyo wake unaishi kwa kidonge cha kulainisha damu.
Sasa fizi zimevimba, daktari wa meno kaongeza kingine.
"Wewe ulikuwa mfamasia. Nimeze?"

Mervat akasoma lebo, akairudia.
Niliijua kadi ile: ya bluu, kona imekunjika.
Jibu lilikuwa ulimini mwangu,
mimi, mwaga chumvi!
Na sheria iliketi nasi mezani, ikingoja chai.

Hakujibu. Akachukua kalamu,
akaandika nyuma ya barua ya matokeo yake.
"Wapigie dukani sasa, kabla hujameza.
Muulize hivi, neno kwa neno."
Akamsomea swali, akamwambia arudie,
mpaka Bi Dragica akalishika kama sala.

Simu ikapokewa. Swali likaulizwa.
Kimya. Vidole juu ya kibodi. Kisha sauti ya kijana:
"Usimeze, tafadhali. Nampigia daktari.
Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

Bi Dragica alitutazama, akakata simu.
Mervat alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.
Akaegemea mbele, kwa ile sauti ya mazoezi:
"Na unajisikiaje kuhusu jambo hilo?"

"Nina njaa," akasema Bi Dragica.
Nikamletea bamia.