Wa Nane

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajaiona ya Eliseo.

Desemba, bandani kwa akina Oyarzún,
mkasi unateleza, unachana paja la kondoo.
Mzee Baldomero anapaka lami,
anamsukuma mnyama nje kwa goti,
na kabla hajawasha sigara yake kidonda kimeshafunga.
Kondoo anarudi kwenye majani
kana kwamba jambo lile ni rahisi.

Si rahisi. Muuguzi wa Coyhaique alinichorea
nyuma ya risiti ya duka la dawa:
kwanza mshipa hujibana,
kisha chembe sahani huja mbio,
hushikana mabega penye tundu,
halafu kazi hupokezanwa kwa namba,
kama sisi tunavyopokezana sufu
toka sakafuni hadi kwenye shinikizo.
Wa kumi na moja humwamsha wa tisa,
wa tisa na wa nane humsukuma wa kumi,
mpaka nyuzi zisukike, wavu ukaze.
"Kwa mwanao," akasema, "wa nane hayuko kazini."
Hakusema nani aliyemfungia mlango.
Nilijua. Kaka yangu Rosamel
alikufa kwa jino.

Leo ni goti. Hapana tone lililodondoka;
inavuja ndani, kimyakimya,
ngozi imevimba, inang'aa, ina moto.
Kivuko hakivuki kwa upepo huu.

Kwenye friji, kati ya jibini na chanjo ya kondoo,
kuna kiboksi ambacho hata paka anajua si chake.
Napasha vichupa kwapani.
Nachanganya. Nazungusha, sitikisi.
Mpira mkononi, kidole kinatafuta
mshipa ule mzee, wenye kovu,
mzee kuliko mtoto mwenyewe.
"Mama, unatetemeka."
"Ni baridi."
"Ni kiangazi, mama."

Sindano inaingia. Mrijani panapanda uzi mwekundu:
damu yake pekee
ninayofurahi kuiona.

Nasukuma polepole. Nenda, wa nane,
umechelewa miaka tisa, lakini nenda,
wenzako wamesimama mikono mitupu.

Barafu ndani ya taulo. Mguu juu ya mito miwili.
Anaomba mkate na siagi, namletea.
Nje Baldomero anahesabu kondoo kwa sauti;
upepo unameza namba,
anatukana, anaanza upya.