Fomu ya Njia Tatu

Ijumaa, kipindi cha mwisho. Feni moja haizunguki.
Nagawa karatasi zilizovuka jana na boti kutoka Mokowe,
pembe zake zimelowa chumvi.
Gredi ya tisa, watoto thelathini na saba,
na visanduku vitatu vya kutia alama:
Sayansi. Jamii. Sanaa na michezo.
"Kalamu ya risasi," nasema. "Wino bado."

Lali ananuka punda, na hajali.
Tangu alfajiri amepandisha mchanga hadi Gadeni safari nne;
punda mwenye kwato mbovu humjua kwa mlio wa hatua
kabla hajatokea kwenye kichochoro.
Penye *kazi unayotarajia* ameandika: mchanga.
Naketi kwenye ncha ya benchi lake.
Yule anayewadunga sindano punda kule hospitalini kwao,
unadhani alizaliwa na bomba mkononi?
Tunahesabu kwa vidole: sekondari pevu, miaka mitatu,
baiolojia, na kemia (anakunja uso), ndiyo, na kemia,
kisha chuo, mitano.
"Mitano! Punda wangu atakuwa ashakufa."
"Atakuwa ameacha wajukuu. Nao wataugua."
Anacheka, anafuta mchanga.
Chini ya ukurasa swali la karo linatutazama wote wawili.
Naandika kando yake: basari, karani wa wadi, kabla ya Januari,
na naomba Mungu karani awepo.

Somoe hupaka maharusi hina.
Alitia alama kwenye sanaa, akafuta;
kwenye sayansi, akafuta;
karatasi imetoboka, na kupitia tundu naona mbao za dawati.
"Mwalimu, piko ilimchoma bi harusi mmoja wa Shela.
Mkono ulivimba hadi pete ikakatwa.
Mimi ndiye niliyeichanganya. Kilichomchoma ni nini?"
Sijui, Somoe.
Liandike hilo swali hapo pembeni, kwa herufi kubwa.
Kisanduku kitalifuata.

Famau hajaandika kitu.
Hata jina.
Ameikunja fomu mara nne, ameikunjua, ameilaza,
kisha ananiuliza, bila ufidhuli, kama anayeuliza saa:
"Nawe mwalimu, ulijaza nini?"

Darasa zima likanyamaza. Hata feni iliyokuwa ikizunguka, nadhani.

Yangu aliijaza ami yangu, kwa wino,
barazani, kikombe cha kahawa kikishikilia karatasi isipeperuke.
Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi.
*Ualimu*, akaandika, *ataweza na kulea*.
Nilitaka kupima vina vya bahari,
kuchora ramani ya yale yasiyoonekana kutoka gatini.
Je, najuta?
Si kila siku.

Hayo niliwaambia. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.

Jumatatu Famau akaileta fomu, bado nyeupe,
isipokuwa ukingoni, kwa herufi za Kiarabu,
nyanyake ameandika Kiamu chake:
*Ndia ni tatu, maguu ni mawili.
Mwateni aulize kwanda.*

Ofisi haitaki maandishi ukingoni.
Nikampa fomu nyingine. Ile nimeificha ndani ya rejista.

Alhamisi, baada ya masomo, tukaenda kuuliza:
kwa fundi wa mitambo ya umeme, masikio yake yamechoka na ngurumo,
kwa muuguzi wa meno,
kwa karani wa mahakama mwenye mihuri saba.
Nilikuwa nimemwandikia maswali kumi,
masomo gani, alama ngapi, mshahara unaanzia wapi.
Aliyasoma yote kwa adabu, akakunja karatasi,
na kila mmoja akamuuliza la kumi na moja, lake mwenyewe:
"Na siku usiyoipenda kazi hii, wafanyaje?"

Fundi alicheka. Muuguzi alisema, nanawa mikono, naanza upya.
Karani wa mahakama aliuweka muhuri chini,
akatazama dirisha kwa muda mrefu.
Famau alisubiri, penseli juu ya karatasi.
Nami nililingoja lile jibu kumshinda yeye.